Boti nne zenye kibanda nilizozijaribu kabla ya kutoa hela

Ukimuuliza muuzaji wa boti muda wa kwenda kujaribu, atakwambia njoo saa mbili asubuhi. Mkatalie. Asubuhi, hata katikati ya kusi (msimu wa upepo wa kutoka kusini), maji ya mbele ya Msasani yanaweza kuwa yametulia tuli, na boti yoyote yenye mashine inayowaka itakufurahisha. Mimi niliomba saa tisa alasiri, mwezi wa Julai, tanki limejaa, watu wazima watano ndani. Wauzaji wawili walinuna, lakini walikubali.

Nilikuwa natafuta boti ya futi 20 hadi 24, yenye kibanda cha kuwakinga watoto na jua na maji ya chumvi, na mahali pa kulaza watu wawili tukifika Mafia jioni. Safari yetu ya kila mara ni Dar kwenda Unguja, kama maili 40 za baharini. Mji wa Unguja uko kaskazini ya Dar, kwa hiyo wakati wa kusi unakwenda mawimbi yakikusukuma kwa nyuma, halafu kurudi unayala usoni. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Boti inayojua kwenda upande mmoja tu itakutesa nusu ya safari zako mwaka mzima.

Ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, mpya, futi 21 hivi, mashine moja ya Yamaha F115. Nakiri ndani kumetengenezwa na watu wenye akili. Meza inashuka inakuwa kitanda, jiko la kichwa kimoja limefichwa chini ya kiti, choo kipo mbele kwenye kichumba chake. Nahodha ana mlango wake wa kuteleza ubavuni, anatoka moja kwa moja kwenda kufunga kamba gatini bila kumkanyaga mtu. Hata kibanda chenyewe hakikukaa katikati: kimesogezwa kushoto makusudi ili njia ya kulia iwe pana, mtu mzima apite bila kujibana. Mama watoto alipoona choo, mazungumzo mengine yaliisha.

Tatizo ni kwamba kibanda hicho kimechorwa kwa wavuvi wa bahari ya baridi. Vioo pande zote, na sehemu za kufungua ni chache. Tulizima mashine karibu na kisiwa cha Mbudya tuone boti inavyolala na wimbi, na baada ya muda mfupi tu sote tulikuwa nje, mashati yameshika migongo. Huko kwao kioo kinahifadhi joto, na hiyo ndiyo kazi yake. Hapa utahitaji mapazia, feni na mlango wazi muda wote. Na mlango ukiwa wazi, manyunyu yanaingia.

Kwenye mawimbi ya usoni ilikuwa nzuri hadi noti 14 hivi (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ukizidisha hapo, inaanza kugonga. Mafuta sina lalamiko: mzunguko ukiwa 4,000 kwa dakika tulikuwa tunakula lita 20 na ushee kwa saa. Ukifungua yote, mashine ya farasi 115 hukaribia lita 40 kwa saa, na hiyo ni hesabu ya mashine za petroli za aina hiyo kwa ujumla, si ya boti hii peke yake.

Boti za Ulaya zina kibao kidogo karibu na usukani ambacho wengi hawakisomi. Herufi C maana yake boti imepimwa kwa upepo wa nguvu 6, kwenye kipimo cha Beaufort cha 0 hadi 12, na mawimbi ya hadi mita 2. B ni nguvu 8 na mita 4. Kibao kimoja kinaweza kuwa na herufi zote mbili, kila moja na idadi yake ya watu, na ya B huwa ndogo. Muuzaji anakutajia ile kubwa. Msomee nyingine kwa sauti, umwone atakavyokujibu.

Ya pili ni mtumba wa Kijapani, boti ya uvuvi ya futi 23, dizeli ya Yanmar ndani na shafti inayotokea chini. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Dizeli inakunywa kidogo mno ukilinganisha na petroli, na fundi anayeijua Yanmar humkosi, kuanzia Tanga mpaka Kilwa. Nyuma ina mlingoti mfupi wa tanga dogo: Wajapani hulitandaza wakati wa kuvua ili omo (pua ya boti) ielekee upepo na boti isilale ubavu. Katikati kuna visima vya kuwekea samaki hai. Unachomoa kizibo sakafuni, maji ya bahari yanaingia yenyewe, na samaki anafika nyumbani akiwa mzima. Nilichomoa na kurudisha kizibo mara kadhaa kama mtoto. Maandishi ya swichi zote ni ya Kijapani, lakini hilo unalimaliza kwa kalamu ya wino mzito.

Kilichoishinda ni pwani yetu. Rafadha (propela) na usukani vimening'inia chini, huwezi kuviinua. Maji ya bamvua huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na sehemu nyingi tunazoteremkia hakuna gati. Ukichelewa, bahari inakupwa na kukuacha umeegemea ubavu juu ya mchanga mpaka maji yajae tena. Utatia nanga mbali na kuvuta kihori cha kushushia watu. Mvuvi hajali, mimi nina mama mkwe. Halafu kingo zake za nyuma ni fupi, zimewekwa hivyo ili samaki avutwe ndani kirahisi. Wimbi la nyuma lilipotukuta, maji yaliingia tezi (nyuma ya boti) na kutoka kwenye matundu yake vizuri kabisa, kama ilivyopangwa. Kwa mtoto wa miaka minne sikuona ukuta wa kumzuia.

Ya tatu ni faiba ya hapa hapa Dar, nayo nitaisema kwa ufupi. Tumbo nene, bei karibu nusu ya ile ya Kifaransa, kibanda kimeongezwa juu ya boti iliyozaliwa wazi, na uzito huo wa juu unausikia kila ukikata kona. Lakini hatukufika mbali. Kabla ya kutoka nilishika mguu wa mashine nikautikisa juu na chini huku naangalia ule ubao wa nyuma unaoibeba. Ulicheza. Nikamwomba fundi afungue skrubu moja ya chini, yakachuruzika maji ya kahawia yenye harufu ya mbao iliyooza. "Hiyo kawaida tu, bosi," akasema, akairudisha skrubu na kuipaka silikoni. Mbao iliyofungiwa ndani ya faiba ikishaloa haikauki, na hapo ndipo mashine yote inaponing'inia. Wapo mafundi wanaojenga vizuri sana nchini, ila kipimo hicho wafanyie wote.

Ya nne ni ya Afrika Kusini, mtumba, matumbo mawili, mashine mbili za Yamaha F70. Kwa macho ni mbaya. Kibanda ni cha kuingia kwa kuinama, magodoro mawili na basi. Choo ni cha kubeba. Ila juu ya usukani kuna paa pana, pembeni wazi, upepo unapita. Tuliielekeza kusini, ng'ambo ya Kigamboni, usoni mwa kusi, na kwa noti 20 hewa iliyobanwa kati ya yale matumbo mawili inalipokea wimbi kabla halijakufikia kwenye magoti. Mara moja moja inatema maji mbele, upepo unayarudisha, unaloa uso. Ukikata kona inaegemea nje badala ya ndani. Shemeji alishika chuma kwa mikono miwili, akanyamaza mpaka tuliponyooka. Ikiwa nangani, vijiwimbi vinapiga kofi chini ya sakafu usiku kucha. Mwenye usingizi mwepesi ajue hilo mapema.

Kisha nikazima mashine moja, nikaiinua, nikaenda na nyingine. Boti haikupanda juu ya maji, ilikokota kwa noti 7. Ukiharibikiwa katikati ya mkondo, na maili 20 mbele yako, hizo ni saa tatu na unafika kwa miguu yako. Kwenye ile ya Kifaransa ungekuwa unapiga simu, kama mtandao upo. Gharama yake ni kwamba kila baada ya saa 100 za kazi, au mwaka, unahudumia mashine mbili: plagi, oili ya gia, ile feni ndogo ya mpira ya pampu ya maji, kila kitu mara mbili.

Nimeichagua hii. Mama watoto bado anaitaja ya choo, na kwa upande wa kulala yuko sahihi kabisa.

Karatasi: Bara ukaguzi na usajili ni wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli; Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Muulize muuzaji cheti cha mwisho cha ukaguzi na uhesabu majaketi okozi mwenyewe, yakiwemo ya saizi ya watoto, ambayo ndiyo hukosekana.

Muuzaji amekubali kutoa rafadha mbili za akiba na kubadilisha mipira yote ya mafuta kwa gharama yake. Kwenye bei bado tunavutana. Jumamosi fundi wangu anapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda nne kila mashine. Zikisoma karibu sawa zote nane, namlipa.