Riwaya ya "Venetia": Binti Aliyeachiwa Nyumba na Jirani Mkware

Hamjambo, watazamaji wangu, na karibuni tena hapa Kisumu. Mkisikia honi za bodaboda nyuma ya sauti yangu, niwieni radhi, kwa kuwa joto la leo haliniruhusu kufunga dirisha. Kitabu nilichokishika ni riwaya ya mapenzi iitwayo "Venetia", ya mwandishi Mwingereza Georgette Heyer, iliyotolewa mwaka wa 1958, ingawa visa vyake vinatukia Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa 1818. Nakala yangu ni ya mtumba; niliinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara ya Oginga Odinga kwa shilingi 200, na kama mnavyoona, jalada limechakaa na maandishi ni madogo mno kwa anayesoma usiku.

Venetia Lanyon ana umri wa miaka 25. Baba yake, aliyejitenga na watu na kuwatenga wanawe pamoja naye, amefariki. Kaka yake mkubwa, mrithi wa shamba, yuko Ufaransa na jeshi lililobaki huko baada ya vita vya Waterloo, wala haonyeshi haraka ya kurudi. Kwa hiyo ni Venetia anayesimamia nyumba, watumishi na mashamba, na kumwangalia mdogo wake Aubrey, kijana mwenye ulemavu wa nyonga ambaye nafsi yake yote imo vitabuni. Riwaya inaanza na Venetia akieleza jinsi mbweha alivyoingia bandani usiku na kumnyakua kuku aliyewashinda wenzake kwa kutaga. Hapo nilicheka peke yangu, maana yeyote aliyelelewa katika boma la huku kwetu anajua nani huulizwa kuku akipotea: haulizwi mrithi aliye mbali, huulizwa yule binti aliyebaki nyumbani.

Mbweha wa pili anakuja kwa miguu miwili. Lord Damerel, jirani aliyejiharibia jina tangu ujanani kwa kutoroka na mke wa mtu, anamkuta Venetia akichuma matunda ya mwituni na kumbusu bila idhini yake. Kitendo hicho sikukipenda, na sitakitetea kwa kusingizia zama. Hata hivyo, Venetia hazimii wala halii. Anamjibu kwa ulimi mkali, na yule mkware anatambua kwamba amekutana na mtu wa kujibizana naye kwa mashairi na mizaha. Aubrey anapoanguka kutoka kwa farasi karibu na nyumba ya Damerel, ni Damerel anayemlaza, kumwuguza na kumfungulia maktaba yake, na hapo ndipo Venetia anapoanza kumpenda. Mapenzi yanayoanza kando ya kitanda cha mgonjwa nayaamini kuliko yanayoanza kwenye dansi.

Kinachokipa kitabu hiki uzito ni kwamba hatari kubwa kwa Venetia haitoki kwa mhuni. Inatoka kwa watu wema wanaomwamulia mambo kwa manufaa yake. Yupo mchumba mmoja, Edward Yardley, ambaye kila akikataliwa hudhani ni haya ya kike. Nilitamani kumfungia mlango mimi mwenyewe. Kisha Damerel naye anaingia katika kosa lilo hilo, kwa kuhofia kwamba jina lake bovu litamchafua mwanamke anayempenda. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: katika Uingereza ya wakati huo talaka iliyoruhusu kuoa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, hali iliyodumu hadi 1857, na fedheha ya ndoa iliyovunjika haikusahaulika upesi. Namna Venetia anavyojitwalia uamuzi wake sitaieleza, ila nasema kwamba anatumia akili ile ile aliyoizoea katika kuendesha nyumba.

Kasoro zipo. Kiingereza chake kimejaa misemo ya karne ya 19 inayohitaji kamusi, na sura za London zinakwenda polepole. Anayetafuta vituko vya chumbani hatavipata humu. Ninakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya lile busu la kwanza. Kwa shilingi 200 nimepata zaidi ya thamani ya pesa zangu, na tayari shangazi yangu wa Kondele amekwisha kuniomba nakala hii, licha ya maandishi yake madogo.