Yamaha HS5 au HS8: pima chumba kwanza

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3.5, chukua HS5, spika ya studio yenye koni ya inchi 5. HS8 ya inchi 8 ni spika nzuri sana na hushuka hadi besi nzito ya 38 Hz (mitetemo 38 kwa sekunde), lakini chumba kidogo hakiiwezi. Kuta zilizoachana mita 3 huikuza sauti ya karibu 57 Hz, za mita 3.5 huikuza ya 49 Hz. Besi huvuma mpaka ikamfunika mwimbaji. HS5 kwa chini huishia 54 Hz, hivyo haiichochei sana mivumo hiyo. Zote mbili zina tundu la hewa nyuma, kwa hiyo usizibandike ukutani. Besi ikizidi bado, weka swichi ya ROOM CONTROL kwenye -2 au -4. Kwa sebule ya mita 5 kwa 6, HS8 bila kusita.