Pampu ya kukodi: maji iliyaweza, tope likaishinda

Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalipopungua huku Muhoro, kisima changu kilibaki na tope jeusi linanuka kama samaki wa juzi. Nikakodi pampu ya petroli kwa fundi wa jirani, ikaja na kijana mmoja. Kwa maji haina mpinzani: futi 20 ziliisha kabla ya adhuhuri. Tope ndilo lililoishinda. Chujio linaziba, kijana analizibua kwa njiti ya mnazi, linaziba tena. Tukamalizia kwa ndoo na kamba, mgongo wangu shahidi. Mpira wa kutolea maji ulikuwa na tundu, ukamlowesha mama mkwe barazani. Petroli ni juu yako, hilo hawasemi mapema. Klorini pia utie mwenyewe. Nitakodi tena, ila mpira nitabeba wangu.