Tela langu la Natron, baada ya misimu miwili

Tela hili nilichongewa Arusha na fundi ambaye jina lake nalihifadhi, maana tulishamalizana. Kazi yake ni kubeba vifaa vya kambi, yaani mahema, magodoro, mitungi ya gesi na madumu ya maji, kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela na Engaruka hadi Engare Sero, jirani na Ziwa Natron. Aliyepita njia ile anajua: vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, mawe meusi yenye makali, makorongo, na barabara iliyojikunja kama bati.

Nianze na sifa. Nilimwambia fundi aweke magurudumu yaleyale ya Land Cruiser yangu, 7.50R16, nati zilezile, na upana uleule kutoka tairi hadi tairi. Hapo sijutii hata shilingi. Spea moja inatumika kote, na kwenye mchanga tela linafuata mkondo ambao gari limeshaukandamiza. Tela jembamba linajichimbia njia yake, unajikuta unavuta plau.

Sasa springi. Fundi alipanga majani (vile vyuma bapa vya springi) tisa kila upande, akaniambia ndiyo uimara. Kwa mzigo wangu wa kilo mia saba hivi, tela liliruka kama mbuzi. Kipimo changu ni mayai: safari ya kwanza nilipakia trei mbili, tukafika na mayai kumi na tisa. Tulitoa majani matatu kila upande, nikapunguza upepo wa tairi za tela kutoka psi 35 hadi 24, mwendo nikaushusha hadi kilomita 30 kwa saa. Siku hizi yanavunjika mawili, matatu. (Nikirudi kwenye lami najaza upepo. Pampu ndogo ya betri haikosi garini.)

Upakiaji lilikuwa kosa langu mwenyewe. Madumu ya maji niliyaweka nyuma ili yatoke haraka. Karibu na Selela, mahali palipo tambarare, nikakanyaga mafuta kidogo, tela likaanza kutikisa mkia mpaka gari nalo likayumba. Bahati sikugusa breki, niliachia mafuta taratibu likatulia. Sasa kizito kinakaa juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Shingo, yaani ule mkono wa mbele unaounganisha tela na gari, naipima kwa mzani wa magunia. Ikilalia ndoano kwa kilo sabini, yaani sehemu ya kumi ya mzigo wote, naondoka.

Lalamiko langu kubwa ni hiyo shingo. Safari ya tatu, tumeipita Engaruka, utingo akasikia mlio. Tulipochungulia, chuma kimepasuka pembeni mwa weldi, pale shingo inapokutana na fremu. Fundi alipitisha weldi kwa kukatiza upana wa chuma badala ya kufuata urefu wake, kisha akasaga na kupiga rangi ikapendeza. Tulifunga mtaimbo na mnyororo kama mganga wa mifupa, tukatambaa hadi Engare Sero. Fundi alirudia kazi bure, baada ya mabishano ya saa mbili.

Hapohapo nikamwondolea na ile bola ya milimita 50, yaani tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kichwa cha shingo hukalia. Kwenye lami haina neno, lakini gari likiwa linapanda ukingo wa korongo huku tela bado linashuka ukingo wa pili, kichwa kinafika mwisho wa kupinda na kinataka kuchomoka. Sasa nina pete inayozunguka na pini nene, na minyororo miwili imepishana chini ili shingo ikichomoka iangukie humo, isichome ardhi.

Beringi nazigusa kila tunaposimama. Habu (kitovu cha gurudumu, zinamokaa beringi) ikichoma kiganja, sivuki maji mpaka ipoe, kwa sababu ya moto ikiingia kwenye maji baridi inayavuta ndani. Grisi mpya kila safari mbili.

Fundi nampa saba kwa kumi. La pili atanichongea yeye, ila siku ya kuchomelea shingo nitakuwa nimekaa hapohapo kwenye kigoda, kabla hajagusa kopo la rangi.