Nimetumia Cluster API kusimamia klasta za Kubernetes, uzuri wake utauona siku ya kupandisha toleo

Kubernetes ni mfumo wa kuendesha programu kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja. Mi nilikuwa mtu wa kuiunda kwa mkono na zana ya kubeadm, unaingia seva moja moja, unabandika amri, na ile tokeni ya kuungia nodi (seva mojawapo ya klasta) inakufa baada ya saa 24 kwahiyo ukichelewa unatengeneza nyingine. Sasa hivi niko Cluster API, inayounda na kusimamia klasta yenyewe, na zana yake ya amri clusterctl, na kwa kweli sirudi tena kule.

Kwa ambaye hajaigusa: unakuwa na klasta moja mama, hiyo ndo inazaa na kulea klasta zinazobeba kazi, we unaandika tu kwenye faili la maandishi la YAML unataka nodi ngapi na toleo lipi. Ukitaka kuonja bila kulipia wingu, weka Docker na kind (inayoendesha Kubernetes ndani ya Docker) kwenye laptop halafu clusterctl init --infrastructure docker, ila hiyo ni ya majaribio tu, usiweke kazi za watu humo.

Kuna kitu kilinisumbua sana mwanzoni. Klasta imeisha kuundwa, naangalia nodi, zote NotReady, yaani haziko tayari. Nikafuta nikaunda upya mara mbili nikidhani nimekosea, kumbe mtandao wa podi (vifurushi vinavyobeba programu) unauweka mwenyewe, mfano Calico au Cilium, nilipoweka tu zikageuka Ready.

Sasa njoo kwenye kupandisha toleo. Unabadilisha namba ya toleo kwenye KubeadmControlPlane (kitu kinachoelezea mashine zinazoongoza klasta) basi, yenyewe inaleta mashine mpya kwanza, ikisimama ndo inatoa moja ya zamani, hivyo hivyo mpaka zangu zote 3 za kuongoza, halafu unafuata nodi za kazi kwenye MachineDeployment. Nilifungua clusterctl describe cluster nikawa naangalia mashine zinavyopokezana na huduma zinaendelea, roho ikatulia kabisa. Ila usiruke, 1.30 kwenda 1.32 inakataa, pitia 1.31.

Klasta mama ilinde sana. Ikifa zile zingine zitaendelea kufanya kazi lakini huna tena pa kuzisimamia, na clusterctl move ni ya kuhamia tu, usiihesabu kama bakapu. Kama una klasta moja ndogo mi nakushauri chukua k3s (Kubernetes nyepesi), hii itakuchosha bure.

Naipa 4 kati ya 5, YAML zake ni ndefu mno. Na siku ukitaka kufuta, futa kitu chenyewe cha Cluster, usifute faili zima kwa kubectl delete -f, mashine zinaweza kubaki huko kwenye wingu na bili inatembea.