Hita ya Tangi la Samaki Yenye Kidhibiti Joto: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Nilinunua hita hii ya wati 100 baada ya samaki wangu sita kufa ndani ya majuma mawili, wengine wakiwa na vidoa vyeupe mwilini, ugonjwa unaowashika kwa urahisi samaki waliodhoofishwa na mabadiliko ya ghafla ya joto la maji. Kwa tangi langu la lita 90 nguvu yake inatosha. Tangu niiweke karibu na maji yanayotoka kwenye chujio, ambapo joto husambaa upesi, maji yamebaki kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi, ilhali zamani yalishuka hadi 19 alfajiri. Hata hivyo, alama za kidhibiti hazisemi kweli: nikiiweka kwenye 25, maji hufika 27, kwa hiyo huiweka kwenye 23 na kutegemea kipimajoto cha kando, ambacho nasisitiza kila mfugaji awe nacho, kwani maji yakizidi joto hubeba oksijeni kidogo. Maelekezo yake hayaonyi kwamba lazima ichomolewe kwenye umeme kabla ya kupunguza maji, nami nauona huo kuwa uzembe mkubwa, maana kioo cha moto kikiachwa nje ya maji huweza kupasuka. Tangu hapo sijapoteza samaki hata mmoja.