Ziara kwa Hadzabe, wawindaji na waokota matunda wa Ziwa Eyasi: kiongozi wa kijijini nyota tano, wa mjini mbili

Jina la kampuni ya utalii silitaji. Gari lilikuwa zima, chai ya saa kumi alfajiri pale Karatu ilikuwa ya moto, na tunaingia Mang'ola nyota bado zinaonekana juu ya mashamba ya vitunguu. Kwa hayo sina neno.

Tatizo ni kiongozi tuliyepewa kutoka mjini. Njia nzima: "Tunaenda kwa Watindiga, watu wa porini. Mchana tutapita kwa Mang'ati." Nikamwuliza, Mang'ati maana yake nini? Hajui. Ni neno la Kimaasai: adui. Wenyewe ni Wadatoga, wafugaji wa kule. Yaani unapeleka wageni nyumbani kwa mtu, halafu unamtambulisha kwa jina alilobandikwa na maadui zake! Mimi ni Mwiraqw. Dar naitwa Mmbulu tangu chuo, mpaka nimechoka kusahihisha, kwa hiyo hili linaniuma kidogo.

Kambini, chini ya mbuyu, ndipo tukapata kiongozi wa kweli, kijana wa palepale anayekijua Kihadza. Alituweka pembeni kwanza. "Hapa hatusemi Watindiga. Jina hilo walipewa na wengine, kwao ni tusi. Hawa ni Hadzabe. Mmoja ni Hadza." Dada mmoja akauliza, kwani si Wahadzabe? Akacheka: hiyo -be tayari ni wingi, ukiongeza wa- umewazidisha mara mbili, ila hakuna atakayekugombeza. Akatufundisha salamu, "mtana", ndipo tukaingia. Mzee aliyekuwa ananyoosha mshale kwa meno akaitikia bila kuuachia. Vijana wakapekecha moto, moshi ukatoka haraka kuliko kiberiti changu cha nyumbani. Nilipojaribu mimi nikaambulia malengelenge.

Kwa mhunzi wa Kidatoga pia kulinoga: makufuli chakavu yanayeyushwa, mvukuto unapumua, bangili inatoka. Vyembe vya mishale anavyofua kwa misumari, Hadzabe huvifuata kwa asali. Pale yule wa mjini akasahau, akasema Mang'ati tena. Mhunzi hakuinua kichwa. Bangili niliyotajiwa elfu kumi ikawa elfu kumi na tano. Sikubishana.

Ukienda, tafuta kiongozi Mang'ola kwenyewe. Na beba maji na kitambaa cha pua, vumbi la kule si mchezo.